Ajali Hizi Zina Kinga

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia

Leo tuongee juu ya jambo ambalo kila kikundi kinalijua kupitia mfukoni: ajali za barabarani. Mtu akiumia, tunachanga pesa za hospitali. Akifa, tunachanga za mazishi. Halafu wanabaki watoto na karo. Hata kuku wa mradi wanauzwa.

Tuangalie hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Tangu 2010 vifo hivyo vimepungua kwa asilimia 5, lakini huku Afrika vimeongezeka kwa asilimia 17. Na si kwamba tuna magari mengi! Tuna asilimia 3 tu ya magari ya dunia, na karibu mtu mmoja kati ya kila watano wanaouawa ni wa kwetu. Hapa Kenya walikufa watu 4,324 mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Kwa majirani zetu Uganda walikuwa 4,806, wakafika 5,144 katika miaka hiyo hiyo.

Ni nani hao? Wengi hawakuwa ndani ya magari. Kenya, kundi kubwa kuliko yote ni watu wanaotembea kwa miguu. Wengine wengi ni wa pikipiki.

Wazee walisema ajali haina kinga. Wengine husema, "Ni mapenzi ya Mungu." Jamani, tusimsingizie Mungu. Mnakumbuka mwaka 2004, Waziri John Michuki alipolazimisha matatu kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa? Watu walilalamika, lakini abiria walikaa kwa nafasi. Mwendo ndio unaoua. Gari likiongeza kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kumuua anayetembea kwa miguu huzidi mara nne.

Sasa sisi tufanye nini? Barabara ni ya serikali, lakini pikipiki nyingi zinanunuliwa kwa mikopo ya vikundi vyetu. Tunampa kijana pesa ya pikipiki na hatumuulizi kama amefunzwa kuendesha. Basi kikundi kiweke masharti haya:

1. Mkopaji awe na leseni, na pikipiki iwe na bima.
2. Mkopo ununue pia kofia ngumu mbili, yake na ya abiria, na majaketi yanayong'aa.
3. Abebe abiria mmoja tu. Hiyo ndiyo sheria. Mama, watoto wako watatu si mzigo mmoja!

Tena, tuwafundishe watoto kutembea upande wanaoona magari yakija, na wavae kitu cheupe jioni. Penye shule bila matuta, kikundi kiandike barua kwa chifu na kwa ofisi ya kaunti, kiweke nakala, kifuatilie. Na dereva wa matatu akikimbiza, abiria wote waseme pamoja. Mtu mmoja atatukanwa; kumi na wanne watasikizwa.

Kofia moja ni bei nafuu kuliko harambee moja ya mazishi. Mkutano ujao, kabla ya kugawa mikopo, someni masharti hayo matatu, mpige kura, na katibu ayaandike kitabuni.