Randevu ya paspoti inaanzia nyumbani

*Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanamemba, Luberizi, Septemba 2024. Aliyesema ni memba wa kamati ya karatasi. Tumeyaandika jinsi alivyosema, tumefupisha kidogo tu.*



Kamati iliniomba niseme juu ya paspoti. Watu wananisimamisha njiani, sokoni, hata nikitoka kanisani: "Papa, nifanye nini nipate randevu?" Na mimi kila mara nawajibu kwa ulizo: "Jina lako limeandikwa namna gani?" Wanafikiri nawatania. Siwatanii. Ngoja niwaeleze yaliyonipata.

Munajua tulikimbia 1996. Wengine walivuka Ruzizi wakaingia Burundi, sisi tukafika Tanzania, kambi ya Nyarugusu. Binti yangu alizaliwa kule 2003. Tulirudi 2007, kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, kisha lori mpaka huku nyumbani. Mtoto akasoma hapa, akamaliza. Mwaka jana, 2023, CENI ilipoandikisha watu kwetu Kivu ya Kusini, alipata kadi ya electeur. Ndugu yetu mumoja aliye Uganda akasema: "Nimemupatia nafasi kwenye masomo ya uuguzi. Alete paspoti tu, masomo yanaanza mwezi wa nane."

Nikauza mbuzi mbili na mpunga. Wakati ule paspoti ilikuwa dola 99. Tukalipa, tukapata siku, tukapanda gari mpaka Bukavu, njia ya Ngomo, vumbi mpaka ndani ya masikio. Tukalala kwa rafiki. Asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni.

Yule aliyetupokea alikuwa mtu mzuri, hakutuzungusha. Alitazama kadi, akatazama karatasi ya kuzaliwa ya kambini, akazipanga pamoja juu ya meza. Akasema: "Papa, huyu wa hapa na huyu wa pale ni watu mbili." Kwenye kadi jina la ukoo linaanza na L. Kwenye karatasi ya kambi linaanza na R. Kwenye kadi amezaliwa mwezi wa tano. Kwenye karatasi ya kambi ni tarehe 1 Januari, kwa sababu kule, ukishindwa kutaja tarehe vizuri siku ya kuandikwa, walikuandikia 1 Januari. Wengi humu ndani tumezaliwa tarehe 1 Januari, siyo? (*Watu wanacheka.*)

Mimi niliziona hizo karatasi miaka yote. Nilizifunga ndani ya plastiki, nikaziweka chini ya godoro, nikazilinda na mvua. Lakini sikuzisoma hata siku moja pamoja. Kosa lilikuwa langu. Tulirudi mikono mitupu, na ile nafasi ikapewa mwingine.

Njo maana nasema randevu inaanzia nyumbani. Siku ya Bukavu ni siku ya mwisho ya kazi, si ya kwanza.

Sasa tufanye nini? Nitasema kwa utaratibu.

Jambo la kwanza. Leo ukifika nyumbani, toa karatasi zote za jamaa, uzitandaze juu ya mkeka: kadi za electeur, vyeti vya kuzaliwa, karatasi ya ndoa, diplome, karatasi ya kurudi ya HCR. Mwite mtoto anayesoma vizuri. Asome jina moja moja, herufi kwa herufi: L na R, Z na S, jina la ukoo kuwa mbele ao nyuma. Asome tarehe, mahali pa kuzaliwa, jina la baba na la mama. Penye tofauti, andika kwenye daftari. Kazi hiyo haikuombi hata faranga moja.

Jambo la pili. Penye tofauti ao penye kukosa cheti, anza kwa shefu wa kijiji, halafu etasivili ya chefferie. Sheria ya jamaa, ile iliyorekebishwa 2016, inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Zikipita, etasivili haiwezi kukuandikia hivi hivi, lazima hukumu ya mahakama, ile tunaita supletifu. Kwa binti yangu tulikwenda Uvira kwenye mahakama ya amani, na mashahidi wawili waliomjua tangu utoto. Karatasi ya HCR ilitusaidia sana. Si cheti cha kuzaliwa, lakini inaonyesha mtoto alikuwa nani, na alirudi na nani. Musitupe ile karatasi! Kuna mama hapa aliniambia ya kwake aliwashia moto, alifikiri kazi yake ilikwisha siku alipopokea chakula cha mwisho.

Hiyo kazi yote ilitukula miezi. Kwa hiyo usingoje mpaka safari ikaribie. Na kama mtoto angali mdogo, mwandikishe sasa, ndani ya zile siku 90. Ni rahisi kuliko kumtafutia mashahidi akiwa na miaka 20.

Jambo la tatu, na hapa niseme polepole. Wengine wetu, tulipokuwa uhamishoni, tulichukua karatasi za inchi ingine ili tupate kazi ao mtoto apokelewe masomoni. Sihukumu mtu, njaa tunaijua. Lakini Katiba yetu ya 2006, mahali pa 10, inasema uraia wa Kongo ni mumoja na wa pekee, hauwezi kuushika pamoja na mwingine. Kama jambo hilo linakuhusu, usilifiche na usiliseme kwenye foleni. Njoo kwa kamati, tutafute mtu wa sheria akushauri mbele ya kulipa dola yako.

Jambo la nne ni pesa. Ilipoanza paspoti ya biometriki, 2015, bei ilikuwa dola 185. Mwaka 2020 ikashuka 99, kisha ikatangazwa 75. Ninawaambia hizo hesabu kwa sababu wakomisioneri wangali wanataja bei ya zamani. Fomu inajazwa kwenye intaneti, pesa inalipwa benki, na benki inakupa risiti. Mtu akisema "nipe mkononi, nitakupitisha kwa dirisha", mukimbie. Ukishindwa kujaza fomu, vijana wetu wawili watakusaidia, na hawatakuomba kitu. Lakini mbele hawajabonyeza mwisho, soma jina lako tena kwenye kioo. Herufi moja ikiharibika pale, itachapishwa vile vile.

Jambo la tano ni siku yenyewe. Beba karatasi za kweli na fotokopi, usibebe fotokopi peke yake. Mtoto mdogo aende na mzazi. Mama ambaye bwana yake yuko mbali aulize mapema ni ruhusa gani inatakiwa, asiulize akiwa mlangoni. Fika siku moja mbele, maana njia yetu munaijua, mvua moja inatosha. Na sisi walimaji tuna shida ingine: jembe na mihogo vinakula alama za vidole, mashine inazikataa. Siku chache mbele ya safari pumzisha mikono, paka mafuta jioni. Siku yenyewe nawa vizuri, ukaushe.

Nataka nimalize na jambo moja. Kuna watu wanasema: "Paspoti ni ya matajiri. Mimi nikienda Bujumbura napita Kavimvira bila hiyo." Ni kweli. Na wengi wetu hatutapanda ndege hata siku moja. Lakini ile kazi ya kutandaza karatasi juu ya mkeka si ya ndege. Hapa uwandani, munajua namna ulizo la "wewe ni wa wapi?" linavyouma mtu aliyekaa miaka kumi ya ukimbizi halafu akarudi kwenye shamba la babu yake. Karatasi zilizo sawa hazimalizi ulizo hilo. Lakini siku linaulizwa kwenye barabara, masomoni ao mahakamani, una kitu cha kuweka juu ya meza, na mtoto wako naye anacho.

Kwa hiyo kamati inaomba vitu viwili. Kwa wanamemba: tutoe kidogo kwenye likelemba yetu kila mwezi, tufanye kisanduku cha karatasi, kisaidie wasioweza kulipa njia ya kwenda mahakamani na mashahidi wao. Kwa marafiki wanaotutegemeza: musitulipie paspoti. Mutusaidie kwenye supletifu za watoto waliozaliwa uhamishoni. Mwenye cheti kizuri atatafuta paspoti mwenyewe.

Binti yangu? Aliomba nafasi tena. Alisafiri mwezi uliopita. Alipoteza mwaka muzima kwa herufi moja na tarehe moja. Ninyi musiupoteze.

Mubaki na amani. Na leo jioni, tandazeni mkeka.