Nyumba ya udongo si nyumba ya kambi

Maneno ya komite ya ujenzi mbele ya mkutano wa wanamemba



Mulitutuma tuangalie swali moja. Pesa ya sanduku, ile tuliyochanga kwa ajili ya familia ambazo zingali zinalala chini ya shiti, tuinunulie sima na kuni za kuchomea matofali, ao tufanye namna nyingine? Tumeuliza mafundi, tumesoma pia juu ya wajenzi wa inchi nyingine. Jibu letu ni hili: kuta tuzijenge na udongo bila kuchoma, na pesa iende chini na juu, ni kusema kwenye msingi wa mawe na kwenye manjanja.

Tunajua kuko watu humu ndani ambao hawatafurahi. Tulisikia tayari: "Tulikaa Nyarugusu na Lugufu miaka na miaka katika udongo, sasa tumerudi kwetu, munataka kuturudisha kambini?" Neno hilo ni zito, hatutalipita pembeni. Kwa hiyo tuanze na mtu mmoja ambaye wandugu zake walimshangaa karibu namna hiyo hiyo.

Anaitwa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Gando hakukuwa masomo. Alipokuwa na miaka saba alipelekwa mbali na nyumbani ili asome. Alipokua akafika Ujerumani kujifunza useremala, kisha akaingia chuo kikuu kule Berlin kujifunza kazi ya arkitekti. Mwaka 1998, akingali mwanafunzi, aliunda pamoja na marafiki shirika dogo la kuchanga pesa ili kijiji chake kipate masomo. Hapo si munajitambua? Watu wa Gando walifurahi sana. Lakini aliposema kuta zitakuwa za udongo, furaha ikapungua. Mtu ametoka Ulaya, tulingojea vioo na beto, kumbe anatuletea udongo! Udongo tunaujua, mvua inaumaliza.

Kéré hakubishana nao juu ya mvua, maana walisema kweli. Alichukua udongo wa pale pale, akauchanganya na sima kidogo tu, matofali yakafinywa na kukauka bila tanuru. Halafu akafanya kazi kubwa kwenye paa. Sisi huku tunaweka manjanja moja kwa moja juu ya vichwa vya watu, ndiyo maana saa sita ya mchana ndani ya kanisa tunaiva. Yeye aliweka kwanza dari ya matofali ya udongo yenye nafasi katikati, kisha akainua manjanja juu yake na vyuma vyembamba vya kawaida, vile vinavyotiwa katika beto, mafundi wakaviunganisha kulekule kijijini. Hewa ya moto inatokea katika ile nafasi. Tena manjanja yanapita ukuta na kutokeza mbali, mvua haiufikii udongo. Watoto walibeba mawe ya msingi, wamama walipiga-piga sakafu mpaka ikawa ngumu. Kazi ikaisha mwaka 2001. Mwaka 2004 masomo hayo yakapata tuzo ya Aga Khan ya majengo, na mwaka 2022 Kéré mwenyewe akapewa tuzo ya Pritzker, ile ambayo maarkitekti wa dunia wanaiheshimu kuliko zote. Mwafrika wa kwanza kuipata.

Sasa tukumbuke vizuri: nyumba zetu za kambini zilianguka juu ya nini? Ukuta ulikaa chini bila jiwe, na paa lilikuwa shiti ao nyasi fupi, maji yakala miguu ya ukuta. Hakuna mtu aliyejenga pale na wazo la kuzeeka pale. Udongo ni ule ule, ila haukupewa viatu wala kofia.

Mfano wa pili ni wa mama mmoja wa Pakistani, Yasmeen Lari. Huyu hawezi kuambiwa kwamba hajui beto, kwa sababu alijenga majumba makubwa ya beto na vioo katika mji wa Karachi, akastaafu mwaka 2000. Mwaka 2005 tetemeko la ardhi likaua makumi ya maelfu ya watu kaskazini ya inchi yake, naye akarudi kazini, lakini safari hii na udongo, chokaa na mianzi. Tangu hapo anafundisha watu waliopoteza nyumba wajijengee wenyewe. Mifupa ya ukuta ni mianzi iliyofungwa vizuri, inapakwa udongo na chokaa, na nyumba inakaa juu ya kiwanja kilichoinuliwa. Mafuriko yakipita, udongo unaweza kubanduka, mifupa inabaki, mwenye nyumba anapaka tena. Mwaka 2023 Uingereza ilimpa medali ya dhahabu ya kifalme ya maarkitekti.

Mfano huu tuliutafuta makusudi, juu sisi pia maji tunayajua. Uvira, mwezi wa nne wa 2020, mto Mulongwe ulipofurika haukuuliza ukuta umejengwa na nini. Kwa hiyo wenye parseli karibu na ziwa ao kando ya mto, matofali ya udongo hatuwashauri hata kidogo. Kama kuna namna ya kupanda juu, mupande. Kama hakuna, tuzungumze juu ya mianzi.

Hata hapa Congo iko. Kule Ilima, katika msitu wa Tshuapa, mwaka 2015 waliisha kujenga masomo karibu yote kwa vitu vya pale pale, hata paa ni la vipande vya mbao, maana kufikisha sima huko ni mateso.

Kuko na neno la miti. Wataalamu wanahesabu kwamba sima inatoa karibu 8 kwa 100 ya gesi ya kaboni ambayo watu wanaitoa duniani. Tuseme kweli, si nyumba ya mama mjane wa Fizi inayoharibu hewa ya dunia. Ila tanuru la matofali linakula miti yetu, na wamama wanajua kuni zimefika mbali namna gani. Tena miti hiyo mara nyingi iko katika shamba la mtu aliyebaki wakati sisi tulikimbia. Tukirudi na shoka, tutakuwa tumerudi na ugomvi, na ugomvi wa mashamba tunao wa kutosha.

Tunachoomba leo si kura. Kila familia ichukue udongo wa parseli yake, chini ya ule mweusi wa juu, itie katika chupa mpaka sehemu moja ya tatu, ijaze maji, itikise sana, iache siku moja. Mchanga utakaa chini, udongo laini utakaa juu. Ukiwa mchanga mtupu, tofali litamomonyoka. Udongo laini ukizidi sana, litapasuka, na tutatafuta mchanga wa kuuchanganya. Jumamosi mulete chupa hizo.

Na sasa ni kiangazi, wakati mzuri. Tutajenga ukuta mmoja wa majaribio, mawe mpaka kwenye goti, matofali yaliyokaushwa kivulini, manjanja yanayotokeza kipimo cha mkono mzima. Mvua za kwanza zikiisha kupita, tutakusanyika pale, tuuangalie, ndipo tupige kura juu ya pesa. Wenye kukataa waje pia, na ndoo za maji wazilete, waumwagie wenyewe.