FYUZI HAILINDI MTU
(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Changamwe)

Sisi si wahandisi. Sisi ni watu wa karakana ya reli, tuliosoma shule ya misheni mpaka karo ilipotushinda, na haya tutakayosema tumeyajua kwa mikono.

Tuanze na kisa. Nyumba tunayopanga hapa Changamwe ina vyumba 8 na ua mmoja, na uani kuna bafu la mabati. Wakati wa masika mabati yale yalianza kuuma. Ukiyagusa na mkono una maji, wasikia kama siafu. Tukacheka. Watoto wakafanya mchezo, nani atashika muda mrefu zaidi. Sisi watu wazima tukaambiana, "Ogeni na ndara miguuni, basi." Mwezi mzima tulikaa hivyo. Hata asubuhi moja mtoto wa jirani, hana ndara, alishika mlango wa bafu akashindwa kuuachia. Mama yake akakimbia kumvuta. Tukampigia kelele asimguse. Mmoja wetu akaruka mpaka swichi kubwa, akazima. Mtoto akaanguka. Tunamshukuru Mungu alipona, ila kiganja chake kina alama mpaka leo.

Tulipotazama, waya wa taa ya bafu ulikuwa umechubuka ukalalia bati. Kosa lilikuwa la fundi aliyeuvuta, na la mwenye nyumba aliyetafuta rahisi. Lakini twasema wazi kwamba lilikuwa letu pia. Kazini, mashine ikituuma hata mara moja, twaweka vyombo chini na kumwita msimamizi. Nyumbani, wanakolala watoto wetu, tulivaa ndara.

Jioni ile jirani mmoja aliuliza, "Mbona fyuzi haikukatika?" Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililotuleta mbele yenu.

Fyuzi haikuwekwa kumlinda mtu. Imewekwa kuulinda waya usipate moto ukachoma nyumba. Stima ya majumbani Kenya ni volti 240. Fyuzi ya plagi ni ampea 13, na ile ya nyumba ni kubwa kuliko hiyo. Lakini mtu aweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Miliampea 50 zikipita kifuani zaweza kuuvuruga moyo. Utakuwa umekufa, na fyuzi haijasikia kitu.

Basi mtu hulindwa na nini? Kwanza, waya wa ardhi, ambao mafundi huuita erthi. Ni ule wa kijani na manjano. Hushika kila mwili wa chuma, wa friji, wa pasi, wa heta ya kuogea, ukaupeleka kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Stima ikitoroka, hupata njia nyepesi kuliko mwili wako. Kwetu hapakuwa na fimbo wala waya huo. Njia ya kwenda ardhini ilikuwa nguzo mbichi za bafu, na sisi wenyewe.

Lakini fimbo peke yake haitoshi, hasa huku pwani. Ndugu zetu wa Likoni na Kisauni wanajua ardhi yao: mchanga, na chini yake matumbawe. Wakati wa kiangazi ardhi hiyo haipokei stima vizuri. Tuseme fimbo yako ina upinzani wa omu 60. Gawa 240 kwa 60, wapata ampea 4. Ampea 4 haziwezi kukata fyuzi ya 13. Bati litabaki na stima, fyuzi imenyamaza, na kila mmoja anaamini nyumba ina erthi. Tena, nyumba nyingine za zamani erthi yao ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Bomba likibadilishwa likawekwa la plastiki, waya ule haufiki popote.

Kwa hiyo iko ngao ya pili: swichi inayokata stima ikivuja. Dukani iulizeni kwa herufi zake, RCD, ya miliampea 30. Kazi yake watu wa reli wataifahamu upesi. Karani wa stesheni huhesabu mabehewa. Yametoka 10, lazima yarudi 10. Yakirudi 9, husimamisha kazi kwanza, ndipo aulize limepotelea wapi. Swichi hii huhesabu stima inayokwenda kwa waya mmoja na inayorudi kwa mwingine. Ikipungua miliampea 30, maana yake imepita kwingine, pengine kwa mtoto, nayo hukata kabla nusu sekunde haijaisha. Chombo cha namna hii kilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1950 na mhandisi Henri Rubin, kwa sababu ya hatari za stima katika migodi ya dhahabu. Kilianza kwa ajili ya wafanyakazi, ndugu zangu.

Msidanganyike, lakini. Ukishika nyaya zote mbili kwa mikono miwili, swichi itaona hesabu ni sawa, haitakata. Haiondoi haja ya erthi, wala ya fyuzi. Nayo ina kitufe chenye herufi T: kibonyezeni kila mwezi. Isipokata, ni pambo la ukutani.

Sisi tulifanyaje? Mpangaji mmoja akilalamika, huambiwa ahame. Tulikwenda vyumba vyote 8 pamoja. Mwenye nyumba akanunua swichi na fimbo, sisi tukachanga ujira wa fundi mwenye leseni ya EPRA. Juma la kwanza swichi ilikata mara tatu, na watu wakailaani, wakataka iondolewe. Tukachomoa vyombo kimoja kimoja, tukakuta koili ya kupikia inavuja. Swichi haikuwa mbovu. Ilikuwa ikisema kweli.

Basi twaomba mambo matatu. Msikate mguu mrefu wa plagi, wala msichomeke kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Chombo cha chuma chenye haja ya erthi utakuwa umekinyima. Bati, bomba au friji likiuma hata kidogo, zimeni swichi kubwa siku ile ile na mwite fundi. Na kila nyumba iende kwa mwenye nyumba kwa sauti moja, kudai fimbo iliyopimwa na swichi ya miliampea 30.

Mwaka 1947 watu wa bandari na wa reli waligoma pamoja hapa Mombasa, na shida ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Nyumba inayoua ni malalamiko pia. Tusingoje mpaka tuchange sanda.