Vifaa vya Kulala Mlimani kwa Mpagazi Anayeanza



Katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro zimo familia nyingi ambamo baba huuangalia mkahawa na mtoto huuangalia mlima. Kihamba kimekwisha kugawanywa kwa vizazi kadha, na kipande kinachomfikia mtoto wa tatu au wa nne hakitoshi kumlisha yeye na watu wake. Kwa sababu hiyo kijana huenda langoni, Marangu au Machame, kutafuta kazi ya upagazi. Akipata ahadi ya kazi hana budi kujitayarisha kwa vifaa, na kwa kuwa hana fedha huja chamani kuomba mkopo. Kamati huupitisha mkopo au huukataa, lakini ni nadra mjumbe kuuliza fedha hizo zitanunua kitu gani. Hasara huanzia hapo. Kijana anayenunua vibaya hurudi na deni, na mlimani ameumia kwa baridi vile vile kama ambaye hakununua kitu.

Baridi yenyewe yafaa ihesabiwe kabla ya fedha kutoka. Joto la hewa hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 ambazo mtu anapanda. Mji wa Moshi uko karibu mita 850 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Barafu, wanakolala wapandao kwa njia ya Machame kabla ya kuelekea kileleni, iko karibu mita 4,670. Basi usiku ambao Moshi ina nyuzi 18, Barafu yaweza kuwa na nyuzi 7 chini ya sifuri, na hapo upepo bado haujatiwa katika hesabu. Kambi hiyo haikupewa jina lake kwa mzaha. Mgeni hulala huko ndani ya mfuko wa bei kubwa. Mpagazi aliyeubeba mfuko huo kutwa nzima huenda akalala na blanketi moja la nyumbani.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kununua koti kwanza. Koti huonekana, na kijana hupenda aonekane langoni kama mtu wa mlima. Lakini mtu anapolala, ardhi humnyonya joto usiku kucha, na koti zuri halisaidii sana, kwa sababu sehemu iliyo chini ya mwili hubanwa ikawa nyembamba kama shuka. Kinachohifadhi joto katika nguo au mfuko ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi zake. Uzito wa mtu ukiitoa hewa hiyo, joto nalo limekwisha kwenda. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende chini ya mgongo, kwenye godoro jembamba la povu.

Hapa pana jambo la kuangalia. Povu ni la namna mbili. Lile la magodoro ya nyumbani lina matundu yaliyo wazi, nalo hunywa maji. Likilowa mara moja mlimani halikauki tena mpaka safari iishe. Lile linalofaa ni gumu kidogo, vitundu vyake vimezibwa, na maji yakidondoshwa juu yake hubaki juu. Jaribio hilo halihitaji elimu, ni chupa ya maji tu. Godoro la namna hiyo ni rahisi na jepesi, tena mwiba ukilichoma haliharibiki. Magodoro ya kujazwa upepo ni mazuri sana, lakini tundu moja lililopatikana usiku wa pili humlaza mtu chini usiku wote uliobaki. Anayeanza ayaache.

Baada ya godoro ndipo uje mfuko wa kulalia. Mifuko mingi inayouzwa kwa bei nafuu hutoka katika mitumba, mathalani katika soko la Memorial pale Moshi, na mingine huachwa na wageni. Mfuko wa manyoya laini ya bata ni mwepesi na una joto kuupita mwingine wowote ukiwa mkavu; ukilowa hujikunyata na kuwa kama kitambaa kitupu. Mfuko wa nyuzi za kiwandani ni mzito zaidi, lakini ukiloa kidogo bado hutunza sehemu ya joto lake, na hukauka upesi. Kwa mtu ambaye mzigo wake hunyeshewa mvua msituni siku ya kwanza, huu wa pili ndio wa kuchagua, hata kama muuzaji anausifu ule wa manyoya.

Lebo ya mfuko isomwe kwa tahadhari kama hati ya mkopo. Kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 23537, mfuko waweza kuwa na namba tatu za nyuzi za joto. Ya kwanza ni joto ambalo mtu hulala kwa raha. Ya pili ni mpaka ambao mwanamume aliyejikunja bado anaweza kulala. Ya tatu ni hatari: katika baridi hiyo mfuko unatazamiwa kumwokoa mtu na mauti kwa saa chache tu, wala si kumpa usingizi. Muuzaji hutaja ile ya tatu, maana ndiyo inayovutia. Kijana aitafute ya kwanza, na kama lebo imefutika, autegemee mkono wake: autandaze mfuko chini, aukung'ute, angoje kidogo, aone kama unavimba. Auinue kuelekea jua aone kama nyuzi zimejikusanya upande mmoja na kuacha mapengo. Afungue na kufunga zipu yote, si nusu. Mfuko usiovimba usinunuliwe hata kwa bei ya bure, kwani utabebwa mgongoni siku sita bila ya faida yoyote.

Bei nayo ihesabiwe kwa safari. Mathalani, mfuko wa shilingi 60,000 unaodumu safari 30 humgharimu mtu shilingi 2,000 kwa kila safari. Ule wa shilingi 25,000 unaochanika baada ya safari 5 humgharimu shilingi 5,000. Anayeuona wa pili kuwa rahisi hajapiga hesabu. Ni kweli vile vile kwamba asiye na shilingi 60,000 hawezi kufaidi hesabu hiyo, na hapo ndipo mkopo wa chama unapokuwa na maana.

Viatu vinadai onyo la peke yake. Buti za mitumba zinaweza kuonekana mpya kabisa, ngozi inang'aa na soli haijaliwa, kumbe zimekaa ghalani nchi za Ulaya miaka kumi. Soli nyingi zina tabaka la kati la povu linaloitwa poliyurethani, ambalo huozeshwa polepole na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakivaliwi. Kiatu cha namna hiyo hubanduka soli kwa saa moja, na saa hiyo yaweza kuwa juu ya mawe. Mnunuzi abonyeze tabaka hilo kwa kidole gumba na kukikunja kiatu kwa nguvu mara kadha mbele ya muuzaji. Likipasuka au kumeguka kama mkate mkavu, akirudishe. Muuzaji akikataa kiatu kisikunjwe, jibu limekwisha kupatikana.

Mavazi hayana maneno mengi. Pamba iachwe nyumbani, kwa kuwa hushika jasho na maji na haikauki. Sweta la sufu au la nyuzi za kiwandani lenye manyoya mafupi hupatikana katika robota lolote, tena kwa bei ndogo, kwa sababu watu wa tambarare hawalitaki. Kofia ya sufu, glavu na jozi mbili za soksi nzito zifuatie, na tochi ya kichwani. Vyote vitiwe ndani ya mfuko wa ndani wa nailoni wa gunia la mbolea, uliooshwa vizuri. Hakuna begi la bei ghali linalozuia mvua kuupita mfuko huo, na kila mkulima anao.

Kabla ya kununua chochote, kijana aulizie pia kama anaweza kuazima. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulioanza mwaka 2003, umewaazima wapagazi wengi nguo za baridi bila malipo, na safari moja ya kuazima humfundisha mtu ni kitu gani kinamfaa kuliko ushauri wa duka zima.

Sasa hema. Kijana mmoja asinunue hema kwa mkopo. Hiyo ni mali ya chama, au ya kikundi cha vijana ndani ya chama. Wakulima wa Kilimanjaro waliungana katika KNPA mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, kwa sababu mkulima mmoja peke yake hana nguvu mbele ya mnunuzi wala mbele ya mwuza dawa ya mikahawa. Hema la watu wanne lililonunuliwa na vijana wanane wanaopokezana safari ni jambo lile lile. Linaponunuliwa likiwa limetumika, lifunguliwe lote, linuswe na kupapaswa kwa ndani: kitambaa kinachonata vidoleni na kunuka vibaya kimekwisha kupoteza utando wake wa kuzuia maji, na hakuna fundi wa kuurudisha. Mishono inayovuja yaweza kuzibwa. Fito za nyuzi za kioo zilizopasuka hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kitambaa kinachonata kiachwe.

Neno moja halina budi kusemwa kwa kila atakayekabidhiwa hema. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, hata likiwa limebaki na makaa machache, hata kama baridi ni kali namna gani. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyechoka huivuta akiwa amelala asijue. Anayeazimwa hema alisikie hilo kabla ya kutia sahihi, tena kwa mdomo wa mtu, si kwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Katika daftari la mali, hema huandikwa tarehe ya kutoka, jina la aliyelichukua, idadi ya fito, vigingi na kamba. Linaporudi, mtunza stoo mara nyingi hupokea furushi lililofungwa, huhesabu fito kwa kupapasa, na kulitupa rafuni. Mwezi wa pili hufunguliwa likiwa limeota ukungu, na kamati humtafuta wa kumlipisha. Fundo hilo lifunguliwe siku ile ile aliyelirudisha angali amesimama hapo. Hema litandazwe juani uani, kwenye vichanja vya kahawa kama vipo vitupu, likauke pande zote mbili, vigingi vihesabiwe kimoja kimoja, kisha ndipo mtunza stoo atie sahihi.