Nyimbo Alizotuachia Ndugu Yetu
(Maneno ya kundi la muziki la shirika letu, yaliyosomwa Baraka siku ya kumaliza kilio)



Sauti ya marehemu munaijua wote. Sisi tuliopiga muziki pamoja naye tutasema namna alivyokuwa anatunga, juu hiyo njo tunaogopa kupoteza.

Tulianza naye upande wa Tanzania, ku kambi ya Lugufu. Gitari ya kwanza tulijitengenezea: bidoni ya mafuta, ubao, na nyuzi za breki ya kinga. Jioni tulifuata nyimbo za Remmy Ongala paka vidole vikauma. Remmy alikuwa mtoto wa Kindu, akaimbia wanyonge wa Dar es Salaam kwa Kiswahili; alikufa mwaka 2010. Marehemu alisema hiyo njo kazi ya mwimbaji: mtu asikie wimbo, aseme huu ni wangu.

Mwaka 2005, meli za kurudisha watu zilipoanza kutoka Kigoma kuja hapa Baraka, tulitunga wimbo wa safari. Kila mmoja alileta beti yake. Kiitikio kilitoka kwa wamama waliokuwa foleni ya maji.

Kisha tukarudi. Wengi wetu tulikuta watu wengine ndani ya parseli na mashamba yetu. Tukatunga wimbo wa shamba, na beti ya kwanza iliwaita waliobaki wezi. Marehemu alikataa kuiimba. Alituuliza, wakati sisi tuko ng'ambo, nani alizika wazee wetu waliofia huku? Tulibishana wiki nzima, wengine wakaacha mazoezi. Yeye akaenda kutafuta mpiga ngoma kati ya waliobaki, akamuomba atunge beti yake. Kijana yule akaimba namna walivyolala porini, wakarudi na kukuta nyumba zimeungua. Tukaziweka beti mbili pamoja: ya kwetu inasema shamba ni la baba yetu, ya kwake inasema vita ilipiga wote.

Wimbo ule haukumaliza shauri la shamba hata moja. Lakini ukipigwa ku arusi ao ku kilio, pande zote mbili zinakaa paka mwisho. Hapa kwetu hiyo si kitu kidogo.

Leo kuna wanaosema kundi libaki la sisi tuliorudi peke yetu. Tena kuna wanaouza nyimbo zake kwa telefoni, na mjane haoni hata faranga moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mpiga ngoma wetu abaki mahali pake, na wimbo wa shamba uimbwe na beti zote mbili, bila kukata. Pili, mwenye kaye ao sauti ya marehemu ailete kwa mwandishi wa shirika, tuandike nyimbo zote pamoja na majina ya waliotunga. Tatu, kundi likilipwa, fungu la marehemu litoke kama zamani, lipewe mjane mbele ya mashahidi.

Mama, bwana yako hakuimba peke yake hata siku moja. Na wewe hatutakuacha peke yako.

Mungu amupumuzishe kwa amani.