Breki Mbili za Pikipiki na Matumizi Yake

Miongoni mwa waendesha bodaboda imeenea imani kwamba breki ya mbele huangusha, na kwamba dereva mwangalifu hutumia breki ya mguu peke yake. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini gharama yake ni kubwa. Pikipiki huchelewa kusimama, na katika mita chache zinazopotea huenda yumo mtoto anayevuka barabara kwenda shuleni.

Pikipiki inapofungwa breki, uzito huhamia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa na kuishika barabara barabara, ilhali la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana katika lami kavu breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Anayekanyaga ya nyuma peke yake kwa nguvu hulifanya gurudumu hilo jepesi liache kuzunguka, likaserereka na kuyumbisha pikipiki.

Breki ya mbele huangusha ikikamatwa kwa ghafla, au pikipiki ikiwa imelala katika kona. Dawa yake ni kuibinya kwa vidole taratibu, kisha kuongeza nguvu, pikipiki ikiwa wima na breki ya mguu ikisaidia. Mwendo wa kuingilia kona hupunguzwa mapema. Penye mchanga, changarawe, matope au lami iliyolowa, breki zote mbili huguswa kwa wepesi zaidi. Dereva akiwa na abiria, uzito wa nyuma huongezeka, na breki ya mguu hupata kazi kubwa kuliko anapokuwa peke yake.

Hata hivyo, breki njema haifuti kosa la mwendo kasi. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita takriban mita 17 katika sekunde moja ya kushtuka, kabla breki haijaguswa. Baada ya hapo, umbali wa kusimama huwa mara 4 ya ule wa kilomita 30.

Inafaa kila dereva ajizoeze katika uwanja mtupu, na kila asubuhi aisukume pikipiki hatua chache akijaribu breki moja baada ya nyingine. Breki ya mbele iliyolegezwa kwa hofu ipelekwe kwa fundi ikazwe. Abiria naye, kabla hajapanda, ana haki ya kuuliza kama zote mbili zinashika.