Nyumba ya Mgeni, Njia ya Wenyeji



Binadamu ana tabia moja ya ajabu. Atasafiri mamia ya kilomita, atalipa nauli na kiingilio, ili akaone kitu ambacho hawezi kukitumia wala kuondoka nacho. Pale Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wapo watu waliolizunguka mara tatu lile gari la Rolls-Royce, lililotumiwa na serikali ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Kule Unguja, wageni huulizia mtaa wa Shangani ili waione nyumba iliyofanywa makumbusho mwaka 2019 kwa ajili ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Gari halitawashwa, na mwimbaji alifariki mwaka 1991. Wanafuata nini basi? Wanafuata kusimama mahali alipopita mtu mwenye jina.

Leo nataka tuitazame tabia hiyo tukiwa Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, kwenye njia kuu ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Nilipotaja kwamba nakwenda huko, kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza, "Kaka, Kwihara unafuata nini? Si nyumba ya Mzungu tu ile?"

Swali lake halikuwa baya. Nyumba yenyewe ni tembe kubwa lenye paa bapa, kuta nene na mlango wa nakshi wa kipwani. Jina lake lajulikana kote: Tembe la Livingstone. Ukipanda pikipiki Tabora mjini huna haja ya kueleza zaidi, dereva atakufikisha. Kwa hiyo mgeni anafika, anapiga picha mlangoni, anasoma tarehe, anaondoka. Amemwona Livingstone. Lakini je, ameiona Kwihara?

Tuzitazame hizo tarehe. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Kwihara Juni 1871, akiwa njiani kumtafuta Dakta Livingstone. Hakuweza kuendelea, kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Stanley akajiunga na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mirambo, wakashindwa vibaya. Ilimbidi azunguke upande wa kusini ndipo afike Ujiji. Yaani huyu msafiri ambaye vitabu vinamsifu kwa kupasua Afrika, alipofika Unyamwezi alikuta kuna mwenye njia, na mwenye njia amekataa.

Februari 18, 1872, Stanley alirudi Kwihara pamoja na Livingstone. Machi 14 akamwacha hapo, akaenda pwani kumtafutia wapagazi. Livingstone akabaki kungoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa zaidi ya miezi sita. Vitambaa alikuwa navyo, dawa alikuwa nazo, ramani na vyombo vya kupimia alikuwa navyo. Alichokosa ni watu wa kubeba. Watu hao walipowasili Agosti, ndipo mzee yule alipoondoka, tarehe 25 ya mwezi huo huo.

Hapo ndugu wasikilizaji, ndipo nilipopata jibu la kumpelekea kijana wangu. Ile nyumba tunayoiita ya Livingstone ni nyumba ya kungojea. Kila siku aliyokaa ndani ya zile kuta ni ushahidi kwamba bila mpagazi hakuna safari, hakuna ugunduzi, hakuna kitabu.

Tumezoea kulistaajabia gari la kale kwa sababu lilibeba wakubwa. Katika njia ile ya karne ya 19 gari lilikuwa bega la mtu. Ng'ombe na farasi waliuawa na maradhi yanayoenezwa na mbung'o. Kwa hiyo kila kitu kilipita begani au kichwani: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa vya merikani, shanga na bunduki kuja bara. Mzigo wa kawaida ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, na kutoka pwani hadi Tabora msafara ulitembea miezi mitatu au zaidi. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Kwa vijana wengi wa huko, kwenda pwani na kurudi ndiko kulikothibitisha utu uzima. Lakini tusipake sukari. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kama wanataka kwenda na hawakurudi kusimulia.

Na Unyanyembe, eneo ambamo Kwihara imo, lilishuhudia jambo jingine. Livingstone alifariki Mei 1, 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao, wakiwamo wanawake, waliukausha mwili wake wakaubeba kurudi pwani. Oktoba mwaka huo wakafika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Afisa yule alikuwa na cheo, wao walikuwa na mzigo, na neno lililosimama likawa lao. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Aprili 18 mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, na Chuma na Susi hawakuwapo. Walifikishwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Anayesema, "Ile ni nyumba ya Mzungu tu," na mtalii anayekwenda kumtazama Mzungu tu, wote wawili wamekosea kwa namna moja. Wote wamemkabidhi mgeni nyumba nzima, mmoja kwa kuipenda, mwingine kwa kuisusa. Nyumba haisimami bila ardhi, na msafara hautembei bila miguu. Tukiisusa Kwihara kwa sababu ya jina la mlangoni, tutakuwa tumewasusa babu zetu waliotua mizigo uani.

Sisemi jina la Livingstone lifutwe. Alikaa pale, na ukweli usemwe. Ninachosema ni kwamba tukienda tuulize swali la pili. Mwalimu anayepeleka wanafunzi, baada ya kuwauliza nani alilala humu, awaulize pia nani alibeba, alilipwa nini, na nani alibebeshwa kwa mnyororo. Nawe unayepita Tabora kwa gari moshi au basi ukienda Kigoma au Mwanza, shuka siku moja. Nenda Kwihara, kisha ukifika nyumbani muulize mzee wako kama katika ukoo wenu kuna aliyesafiri na misafara, aliitwa nani na alifika wapi. Andika jina hilo. Chuma na Susi tunawajua kwa sababu waliandikwa. Maelfu ya wengine walibaki midomoni mwa wajukuu, na wajukuu hao nao wanaondoka mmoja mmoja.

Gari bovu hupatiwa spea likapakwa rangi upya. Jina lililosahauliwa halina gereji.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.